Kikapu cha Govindi

Tangu walipoanza kupanda asubuhi, pua ya Mzee Bhowmik ilikuwa imegundua kitu ambacho darubini yake haikukiona, nacho ni puri, vile vimikate vya kukaangwa.

"Trilok," alisema kwa mara ya tatu, na jua halijavuka vilele vya mialoni. "Hicho kikapu mgongoni mwako ni chakula cha mchana?"

"Chakula cha mchana kiko kwenye begi, mzee. Viazi na mikate."

"Na hicho?"

"Mzigo wa nyumbani tu."

"Mzigo wa nyumbani unanukia samli." Akamgeukia mkewe. "Mandira, mzigo wa nyumbani unanukia samli."

"Kwako wewe hata mawe yananukia samli," Mandira akamjibu. "Angalia unapokanyaga."

Trilok Mehra alicheka kidogo akaendelea kutangulia, ila cheko lenyewe halikumfika moyoni. Kile kikapu kilikuwa cha dada yake Govindi. Kitambaa chake mama yao alikifunga fundo kwa mikono yake, na fundo la namna hiyo halifunguliwi na mtu mwingine ila binti anayepelekewa. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa Chait, mwezi ambao katika milima ya Kumaon ndugu wa kiume hufunga safari mpaka ukweni kwa dada yake na kumpelekea chakula cha kwao na nguo mpya, ili yeye na majirani wajue kwamba hajasahauliwa. Jua la siku hiyo likishaondoka uani kwa dada, basi tena. Mwenye kuchelewa atafute cha kusema mwaka ujao.

Na Trilok alikuwa amechelewa miaka mitatu mfululizo. Si kwamba hakumpenda Govindi. Govindi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akaota meno ya pili, na siku alipoolewa akaondoka, Trilok, kijana mzima wa miaka kumi, alijificha zizini akalia mpaka ng'ombe wakamshangaa. Lakini Chait ndiyo wakati maua mekundu ya miti ya burans yanapowaka msitu mzima na ndege wanaposahau kujificha, na wageni huja na darubini zao kutoka kila upande, wakimtaka awaongoze. Kwa hiyo kila mwaka alimpa dereva wa jipu furushi, akasema moyoni kwamba dada ataelewa.

Dada hakuelewa. Siku kumi zilizopita alimpigia simu, na wala hakuanza kwa salamu.

"We Trilok, furushi lina miguu?"

"Dada, unajua huu ni msimu wa..."

"Nimekuuliza, lina miguu? Lina mdomo? Wanawake wenzangu kisimani wananiuliza kama kwetu walishakufa wote. Mwaka wa kwanza nilisema mdogo wangu ana kazi. Wa pili nikasema ana kazi. Mwaka jana nikanyamaza. Sasa nisikilize vizuri. Ukileta furushi na dereva tena, nitalirudisha na jipu hilohilo. Na Chait ikiisha sijaona uso wako, usinipigie tena, maana sina mdogo."

Akakata. Govindi si mtu wa kutisha bure. Mbuzi aliyempiga pembe aliliwa wiki hiyohiyo.

Ndipo Trilok alipowapangia wazee hawa wa Kalkuta njia ya kupita ukingo wa mlima na kuteremkia Sainar, kijiji cha dada yake, ambako jipu lingewachukua jioni. Aliwaambia njia hiyo ina ndege wazuri. Kweli ina ndege wazuri. Ila hakuwaambia kwamba ina dada mkali mwishoni mwake, wala kwamba Sainar imelala chini ya mlima mrefu wa magharibi, na saa kumi tu kivuli huwa kimeshakifunika kijiji chote. Alipiga hesabu zake: saa nane wawe wameshafika, kikapu kiwe kimeshafunguliwa, Govindi awe ameshamaliza kumgombeza.

Hesabu hizo hazikumweka Mzee Bhowmik ndani yake.

Mzee Nirupam Bhowmik alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mwembamba, amevaa kofia ya sufu iliyofumwa na mkewe na kufika mpaka kwenye nyusi. Maisha yake yote treni zilimkimbiza, na alipostaafu aliapa kwamba hatakimbizwa tena. Alisimama kwa kila ndege chozi aliyening'inia kwenye ua la burans. Alisimama kwa vigogota, akasimama kwa kunguru, akisema kwamba kunguru wa mlimani ana heshima kuliko wa mjini. Kisha kikatokea kindege kimoja cha rangi ya majani, ukubwa wa kidole gumba, kisichotulia hata kidogo, na mzee akataka kujua kama bawani kina mstari mmoja au miwili.

"Miwili, mzee," Trilok akasema.

"Umeiona?"

"Nimemsikia. Mwenye mmoja halii hivi."

"Nakuamini. Lakini nataka kuiona mwenyewe."

Dakika arobaini. Kindege kikaruka kulia, mzee akageuka kulia. Kikaruka kushoto, kofia ikamziba macho. Trilok aliangalia jua, akaangalia saa, akaangalia jua tena kama kwamba kimoja kati ya hivyo viwili kingeweza kumhurumia. Hata hivyo mzee alipopiga kelele, "Miwili! Mandira, ni miwili!" na uso wake ukachanua kama wa mtoto aliyepewa peremende, Trilok naye alijikuta anatabasamu. Huwezi kumkasirikia mtu wa namna ile. Unaweza tu kuchelewa pamoja naye.

Mandira alikuwa ameketi juu ya gogo, kamera mapajani. Huyu alikuwa mama mnene, mpole, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Hua mmoja alikuwa akilia karibu nao, kwa ile sauti yake ya kujilaumu.

"Unahema kama umebeba mtu," alimwambia Trilok polepole. "Hicho kikapu ni cha nani?"

Trilok hakutaka kusema, lakini akasema. Akamweleza habari ya Govindi na furushi na jua la Sainar. Akamwambia pia jinsi wazee wa Kumaon wanavyomsikia yule hua: kwamba ni dada aliyepitiwa na usingizi siku ndugu yake alipomletea vitu vya Chait, na ndugu hakutaka kumwamsha, akaviacha akaenda zake bila kula. Dada alipozinduka akafa kwa majuto, na mpaka leo analia, ndugu yangu ana njaa, nami nimelala.

"Na wageni wengine huwaambia hivyo?" Mandira akauliza.

"Wageni wengine nawaambia ni hua mwenye madoa shingoni."

Mandira akacheka, kisha akainuka akajipangusa. "Bwana!" akamwita mumewe. "Kindege kimeshakupa mistari yote miwili. Sasa twende, miguu inaganda."

Walikwenda, na kwa msaada wa Mandira walikwenda vizuri, ila muda uliopotea haukurudi. Walifika njia panda saa nane na nusu. Mahali hapo pako wazi, na kushoto njia inateremka Sainar, mwendo wa saa moja. Paa za mawe za kijiji zilionekana kule chini, bado zimewaka jua. Trilok alizitazama akavuta pumzi. Saa tisa na nusu watafika. Watabanwa, lakini watafika.

Njia ya kulia inapanda, inaingia kwenye mianzi myembamba na misitu ya burans iliyoshikana. Na huko ndiko sauti ilikotoka.

Ilikuwa ya mbali, kama mwana-mbuzi aliyeachwa peke yake zizini, akiita, akinyamaza, akiita tena kwa nguvu zaidi. Ndege huyo hulia alfajiri. Mchana hulia mara chache sana, wivu ukimshika, akihisi dume mwingine ameingia eneo lake. Masikio ya Trilok yalipata moto. Alikuwa lungi.

Sasa ni lazima niseme lungi ni nani kwa Mzee Bhowmik. Ni ndege wa ukubwa wa jogoo, mwekundu wa kuiva, ana madoa meupe kama ya kanga, na hapendi kuonekana na mtu. Mzee alikuwa amemtafuta kwa miaka kumi na tisa. Alimtafuta Sikkim mvua ikamrudisha, akamtafuta Bhutan homa ikamlaza, na Nepali akaona unyoya mmoja tu, ambao ameuweka ndani ya kitabu nyumbani. Mwaka huu daktari alilishika goti lake akatikisa kichwa. Safari hii ilikuwa ya mwisho, na kesho alfajiri jipu lilikuwa linawapeleka kwenye treni ya kurudi kwao.

Hakumsikia. Upepo wa ukingoni ulikuwa unavuma ndani ya kifaa chake cha masikio kama tanuri, kwa hiyo alikuwa amekitia mfukoni mwa shati. Alikuwa anakunywa maji. Mandira alikuwa ameingia kichakani kwa haja zake. Katika mlima mzima, aliyemsikia lungi ni Trilok peke yake.

"Kuna kitu?" mzee akauliza, kama alivyouliza kila walipopumzika tangu siku ya kwanza.

Watu wa bondeni husema Trilok akilala masikio yake hukesha. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumficha mgeni ndege, hata siku ambazo miguu ilimwaka na chai ilikuwa inamngoja mezani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake.

"Hakuna, mzee," akasema.

Mandira akarudi, wakaanza kuteremka. Trilok alitangulia haraka, na nyuma yake akawasikia wakizungumza.

"Basi lungi hakuna tena," mzee alisema.

"Labda hujamsikia tu. Vaa hicho kifaa chako."

"Mimi hata wewe sikusikii, ndiyo siri ya ndoa yetu. Nimemwuliza Trilok. Trilok akisema hakuna, hakuna. Tumejaribu, Mandira. Miaka kumi na tisa si haba."

Aliyasema bila uchungu wowote. Laiti angelalamika! Laiti angelaumu mvua, au goti, au hata mwongozaji! Trilok alikwenda hatua nyingine kumi na kitu, kikapu kikizidi kuwa kizito, akimwona Govindi mbele yake na yule mzee nyuma yake, naye katikati hana pa kujificha. Kisha miguu ikasimama yenyewe.

"Mzee, yupo."

"Nani yupo?"

"Lungi. Yuko juu, njia ile ya kulia. Alikuwa analia pale uliponiuliza. Nimekudanganya."

Mzee Bhowmik hakuuliza kwa nini. Sidhani hata neno la kudanganya lilimfikia. Vidole vikapekua mfukoni mwa shati, kifaa kikaanguka, Mandira akakiokota akampachika sikioni. Akasimama mdomo wazi. Kule juu lungi akaita tena, na yule mzee akamshika mkewe bega kwa nguvu mpaka mama wa watu akajikunja.

"Na kikapu?" Mandira akamwuliza Trilok kwa sauti ya chini.

"Tutawahi, mama."

Huo ulikuwa uwongo wa pili wa siku ile, na haukumdanganya hata mmoja wao.

Wakapanda. Goti la mzee lililotikisiwa kichwa na daktari lilipanda kama la kijana wa jeshi. Juu, Trilok akawalaza kifudifudi nyuma ya gogo lenye kuvu, akawaambia mtu asikohoe, wakangoja. Baridi ya ardhi iliwaingia tumboni. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima. Trilok alikuwa ameacha kuangalia saa, kwa sababu haikuwa na habari yoyote njema ya kumpa.

Kisha mianzi ikatikisika, na lungi akatoka. Alitembea kama mwenye nyumba, akachakura majani, akatuliza kichwa, kile kifua chekundu kikaingia kwenye mwanga. Alikaa kwa muda wa kuhesabu mpaka hamsini, labda sitini. Mzee Bhowmik hakupumua. Mandira alibonyeza kamera kwa bidii, na baadaye ikaonekana kwamba picha zote ni za mkia na majani. Ndege akaingia kichakani, na mzee akaweka paji la uso wake juu ya gogo lile lenye unyevu akalia waziwazi, bila aibu, mabega yakimtikisika. Mandira akampapasa mgongo kama anayemtuliza mtoto. Trilok aliwapenda sana wakati ule, wote wawili, na lungi pia. Hakujuta. Lakini aliposimama akatazama chini kupitia uwazi wa miti, aliona Sainar imeshakuwa buluu. Kivuli kilikuwa kimeshafunika paa, uwanja na mashamba mpaka mtoni.

Akaketi chini, kikapu bado mgongoni.

"Twende basi, nina njaa!" mzee akasema, akijifuta pua. "Leo hata hizo puri za siri utanigawia."

"Nyamaza, bwana," Mandira akasema, akamweleza yote.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukabadilika. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli.

"Wewe Trilok ni mjinga! Mjinga kabisa! Ndege ni ndege. Mimi ningemkosa ningekufa siku yangu kama watu wengine. Dada ni mmoja! Kwa nini hukunyamaza?"

"Nilinyamaza, mzee. Nikashindwa."

Waliteremka polepole mpaka kwenye ule uwazi wa njia panda, jua la saa kumi na moja likiwachoma usoni, na hapo ndipo waliposikia mtu anapanda kutoka upande wa Sainar, akihema na kutukana mawe.

"Usikimbie! We Trilok, nimeshakuona, usikimbie!"

Alikuwa Govindi, kandambili miguuni, sketi ameipachika kiunoni, mundu wa kukatia majani bado umechomekwa kwenye mkanda. Nywele mbele zilikuwa zimeanza mvi ambazo Trilok hakuwa amewahi kuziona.

"Dada..."

"Usiniite dada! Nimekaa uani tangu asubuhi. Nimekuona kwa macho yangu mawili umefika hapa, kikapu mgongoni, umeanza kuteremka, nikaweka maji ya chai motoni. Mara ukageuka ukapanda! Nikasema, huyu mtoto ameniona akakimbia?"

"Kulikuwa na ndege, dada."

"Ndege!" Govindi akamgeukia Mzee Bhowmik. "Wewe ndiye mwenye ndege?"

"Ndiye mimi, mama. Makosa ni yangu."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Haya, afadhali leo mtu mmoja amepata alichokifuata. Ana sura gani?"

"Mwekundu, madoa meupe."

"Hao? Hao theluji ikianguka wanakuja kupekua samadi nyuma ya zizi langu!"

Mzee Bhowmik alitafuta jiwe akaketi. Mandira aliangalia pembeni, tumbo likimtikisika kwa kicheko.

"Dada, nisamehe," Trilok akasema. "Jua limeshaondoka kwako. Nimechelewa tena."

"Kwangu limeondoka," Govindi akasema, akiinua uso, na uso wote ulikuwa na mwanga. "Nikaona huku juu bado lipo, nikalifuata. Leta kikapu."

Akaketi palepale njiani. Lile fundo la mama yao alilishughulikia kwa kucha, kisha kwa meno, kwani mundu hakutaka kuutumia. Ndani palikuwa na sari ya kijani, na puri tamu, na singal, zile pete za unga zilizokaangwa kwa samli. Hakuitazama sari. Alivunja puri moja, akatia kinywani, akatafuna. Kisha akaacha kutafuna.

"Ina chumvi," akasema.

Trilok akakikunja kile kitambaa polepole.

"Ya sukari, na imetiwa chumvi. Mama hajawahi kukosea hivi maisha yake yote." Akameza kwa shida. "Kwenye simu nikimwuliza, hajambo. Kila siku hajambo. Mama mkwe wangu hainuki kitandani, ng'ombe hawana mwingine, mwaka wa nne huu sijatia mguu nyumbani. Unafikiri nilikuwa nalilia sari? Furushi nitaliuliza nini mimi? Litaniambia kama macho ya mama bado yanaona?"

Machozi yalikuwa yanamteremka, naye anaendelea kula, kipande baada ya kipande, chumvi na yote, wala hakutaka kupoteza hata chenga. Alimvuta Trilok mkono akamkalisha karibu yake, bega kwa bega, kama zamani.

"Sasa niambie, na usinifiche kitu. Anza na macho."

Jua lilikuwa limebaki upana wa mkono mmoja juu ya mlima wa magharibi. Trilok akaanza na macho.